Kuzamia Mafia, Pemba na Mnemba: Wakala Alipwe kwa Kazi Gani?

Mjadala wa kupanga safari ya kuzamia mwenyewe au kumpa wakala huanzia kwenye bei, na hapo ndipo unapopotea njia. Hoteli nyingi za pwani yetu zina bei moja ya kutangazwa. Wakala akikuuzia kwa bei hiyo, hoteli humpa kamisheni, kwa kawaida kati ya asilimia 10 na 20. Ukienda moja kwa moja, hoteli hubaki nayo. Haikupunguzii, kwa sababu ikishusha bei kwa anayepiga simu mwenyewe, mawakala wanaoijazia vyumba mwezi wa Agosti watapeleka wateja kwingine. Ndiyo maana mtu anaweza kukesha wiki nzima akilinganisha bei kwenye tovuti kumi, halafu akaishia palepale alipoanzia. Kinachobadilika hasa ni nani atahangaika siku mambo yakikwama. Mzigo huo ndio wakala anaolipwa kuubeba, na kwa safari yenye vipande vingi anastahili malipo yake. Lakini uzamiaji wenyewe usimwachie. Huo uzungumze na kituo cha kuzamia kwa mdomo wako au kwa mkono wako, hata kama kila kitu kingine amekipanga yeye.

Kuna nafuu moja ya kweli ya bei, nayo ni bei ya mkazi. Hoteli nyingi za Unguja, Mafia, Diani na Watamu zina kiwango chake kwa raia na wakazi wa Afrika Mashariki, na tofauti yake na kile cha mgeni si ndogo. Kiwango hicho huwezi kukiona kwenye tovuti kubwa za kuhifadhi vyumba, wala wakala wa London au Hamburg hana habari nacho. Unakipata kwa kuipigia hoteli simu, au kuiandikia na kuambatanisha nakala ya kitambulisho au kibali cha ukaazi. Viingilio vya hifadhi za bahari navyo havimtozi raia sawa na mgeni. Mtanzania wa Muscat au Mkenya wa Minneapolis aulize mapema anahesabiwa vipi, maana hoteli nyingine huangalia pasipoti na nyingine huangalia mtu anakoishi. Aulize kwa maandishi na jibu alitunze. Suala hilo likiachwa mpaka siku ya kufika mapokezi, mteja hana tena nguvu ya kujadiliana.

Tuje kwenye mzigo wenyewe. Kwenda Mafia kutoka Dar es Salaam ni kiasi cha nusu saa kwa ndege ndogo, mara nyingi Cessna Caravan ya abiria kumi na kitu. Ratiba ya ndege hizi husogezwa kwa urahisi: mvua ya masika imeshuka, au abiria wa ndege nyingine wanasubiriwa. Aliyekata tiketi mbili mbalimbali, moja ya Mafia na moja ya kimataifa, amesimama peke yake katikati. Ndege ya Mafia ikichelewa saa tatu na ya Ulaya ikaondoka, shirika la pili litamwandika kuwa abiria hakutokea, na halidaiwi chochote. Ikitokea hivyo wakati wa kwenda, hasara ni kubwa zaidi, kwani mashirika mengi humfutia asiyetokea vipande vyote vilivyobaki kwenye tiketi, pamoja na cha kurudia. Dawa ya anayejipangia ni kurudi Dar siku moja kabla na kulala. Usiku huo una gharama, lakini una faida nyingine tutakayoifikia.

Kwa wanaoishi Ulaya, wakala ana kitu ambacho mtu hawezi kujipatia mwenyewe, yaani sheria. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya namba 2015/2302, na kanuni za Uingereza za mwaka 2018 zilizotokana nayo, yanamfanya anayeuza ndege na malazi kwa pamoja awajibike kwa kila kipande, hata kile kilichotolewa na mtu wa Kilindoni, mji wa Mafia, asiyemjua. Anatakiwa pia kuwa na dhamana ya kurudisha fedha za wateja akifilisika. Thamani ya dhamana hiyo ilionekana kampuni ya safari ya Uingereza, Thomas Cook, ilipoanguka Septemba 2019, ikaonekana tena FTI ya Ujerumani ilipofilisika Juni 2024. Wazamiaji wengi hawajui kwamba hata hoteli na mbizi bila ndege vinaweza kuhesabiwa kuwa kifurushi, kama mbizi zinafikia robo ya thamani ya mauzo au kama zimetangazwa kuwa kiini cha safari. Kwa hiyo ankara isome. Ikiwa wakala amekuandikia ankara mbili tofauti, ya chumba na ya mbizi, muulize kwa nini, kwa sababu huenda anajaribu kujivua wajibu bila wewe kujua.

Nyumbani kinga ni nyembamba zaidi, na tofauti ya wakala mzuri na mbovu ni kubwa zaidi. Angalau hakikisha ana leseni: Tanzania Bara hutolewa chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, Zanzibar ni Kamisheni ya Utalii, na Kenya ni Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Wakala wa Instagram asiye na namba ya leseni wala ofisi, anayetaka malipo yote yatumwe kwenye laini ya simu ya mtu binafsi, huyo si wakala. Kwake unabeba hatari yote na kumlipa juu.

Udhaifu mkubwa wa mawakala, wakiwemo waaminifu, ni bahari. Wengi wanaifahamu hoteli: vyumba, chakula, picha za machweo. Hawaufahamu upepo. Mfano ulio wazi ni Mafia ya Agosti. Mawakala huiuza kwa sababu ndio mwezi wa likizo Ulaya, na huweka picha ya papa potwe kwenye tangazo. Lakini Agosti kusi bado linavuma. Nje ya Ghuba ya Chole bahari imechafuka, mashua hubaki ndani ya ghuba, na ile miteremko ya nje iliyomvuta mzamiaji haifikiki. Potwe nao msimu wao mbele ya Kilindoni ni kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi. Mteja anafika, anapewa mbizi nzuri kabisa za ndani ya ghuba, na anarudi akiamini ametapeliwa. Hakutapeliwa. Ameuziwa mwezi usio wake. Anayetaka nje ya ghuba na potwe pamoja aje wakati wa maleleji, utulivu wa kati ya pepo mbili, Oktoba na Novemba, au wakati wa kaskazi. Upande wa magharibi wa Pemba, penye kisiwa cha Misali, umekingwa na kusi kwa kisiwa chenyewe, kwa hiyo ratiba ya Agosti ya Pemba inaweza kufaa pale ambapo ya Mafia inakwama. Aprili na Mei vituo vingi hufunga au hufanya kazi nusu, na bei ya chini unayoona kwenye miezi hiyo ndiyo sababu yake.

Jambo la pili ni maji kujaa na kupwa, na hapa hata anayejipangia huteleza. Pwani yetu wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya maji huweza kufika mita 4. Bamvua hushika mwezi unapoandama na unapopevuka, karibu na tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kiislamu na siku mbili tatu baada yake. Maji mafu, ambapo tofauti hiyo ni ndogo, huangukia karibu na tarehe 8 na 22. Siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi, yaani saa ileile vituo vingi vinapotaka kuondoka. Sasa fikiria hoteli ya Paje au Jambiani, kusini-mashariki mwa Unguja, ambako bahari hurudi nyuma mwendo mrefu sana: mashua imekaa mchangani, na wazamiaji wamebebwa kwa gari hadi Matemwe au Nungwi kufuata maji. Wakala aliyewaweka Paje kwa ajili ya kuzamia Mnemba, kisiwa kidogo kilicho kaskazini-mashariki, hakusema uongo kwamba Mnemba iko Unguja. Amesahau tu kwamba safari ya gari na mashua itakula nusu ya siku, kila siku. Matemwe au Muyuni ndipo mahali pa kulala kwa anayefuata Mnemba. Nungwi na Kendwa zinafaa kwa anayetaka pia pwani ambayo maji hayaendi mbali.

Kwa Mafia mambo ni hayohayo kwa sura nyingine. Mlango wa Kinasi, ambako maji ya ghuba huingia na kutoka, huzamiwa maji yanapoingia, kwa kuwa yanayotoka bahari kuu ni safi na yanayotoka ghubani yana tope. Siku za bamvua mkondo hapo ni mkali na si mahali pa mtu mwenye mbizi tano. Mwenye kadi ya kwanza ya uzamiaji, ya kina cha mita 18, apange wiki ya maji mafu. Hakuna fomu ya wakala inayouliza tarehe za mwezi, lakini kalenda ya Kiislamu ipo ukutani katika nyumba nyingi za pwani, na dakika mbili za kuitazama kabla ya kukata tiketi zina faida kuliko punguzo lolote.

La tatu, na la hatari kuliko yote, ni mpangilio wa siku. Mzamiaji akiwa chini, naitrojeni huyeyuka mwilini mwake. Akipanda juu angani kabla haijatoka, viputo hufanyika kwenye damu na maungoni. Mwongozo unaofuatwa na DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, angalau saa 18 baada ya mbizi nyingi za siku kadhaa, na zaidi ya hapo kwa mbizi zilizolazimu kusimama njiani kupunguza mgandamizo. Vituo vingi hurahisisha kwa kusema saa 24. Piga hesabu: ukitoka majini saa 7 mchana Jumanne, saa 18 zinaisha saa 1 asubuhi Jumatano, hivyo ndege ya saa 4 ina nafasi. Ukiongeza mbizi ya alasiri na kutoka majini saa 11 jioni, zinaisha saa 5 asubuhi, na ndege ya saa 4 imeshakuwa kosa. Mbizi moja tu imebadilisha jibu. Ule usiku wa kulala Dar sasa unaonekana faida yake, ila kwa sharti kwamba na ndege ndogo ya kutoka kisiwani nayo iwe imesubiriwa, maana haina mgandamizo wa hewa ndani.

Ratiba ya kawaida ya mawakala, mbuga kwanza na bahari mwishoni, inafaa kwa mapumziko lakini inaiweka ndege ya kimataifa karibu sana na mbizi ya mwisho. Wengine wakaigeuza, bahari kwanza kisha Ngorongoro, wakidhani wametatua tatizo kwa kuwa sehemu ya safari ni ya gari. Ukingo wa kreta uko kiasi cha mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mwili hautofautishi kupanda kwa ndege na kupanda kwa Land Cruiser. Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,700. Aliyezamia Diani asubuhi, akapanda treni ya SGR ya alasiri kutoka Mombasa, anafika usiku huohuo kwenye kimo ambacho mwongozo wa ndege unahusika nacho. Hili halisemwi kituoni kwa sababu mteja hajaulizwa anaondokaje, na wakala halijui. Ukilazimika kuondoka mapema, boti ya kutoka Pemba hadi Unguja na Dar iko usawa wa bahari na haina saa za kusubiri. Vilevile kivuko cha kutoka Kilindoni kwenda Nyamisati.

Ndiyo maana tunasisitiza barua ya moja kwa moja kwa kituo. Iandike fupi, na iwe na mambo haya: kadi uliyonayo, idadi ya mbizi, mwaka wa mbizi ya mwisho, tarehe zako, hoteli unayolala, na saa ya ndege ya kuondoka. Kituo makini kitajibu kwa kukuuliza zaidi. Kitakwambia ni mbizi ipi iwe ya mwisho, kitapendekeza mbizi ya kujikumbusha kama hujazamia kwa mwaka mzima, na kitakutumia fomu ya afya kabla hujasafiri. Hiyo fomu ndiyo inayovunja likizo nyingi. Ina maswali 10 ya mwanzo, na jibu la ndiyo kwa mambo kama pumu, moyo au upasuaji wa karibuni linaweza kudai sahihi ya daktari. Ukiigundua asubuhi ya kwanza ukiwa Utende, Mafia, kumpata daktari wa kusaini kunaweza kula siku nzima. Ukiigundua ukiwa Kariakoo, ni kazi ya mchana mmoja.

Muulize pia mwongozaji mmoja anachukua wazamiaji wangapi. Wanne ni idadi njema, na wanane ni wengi kwa mahali penye mkondo. Uliza kama mashuani kuna mtungi wa oksijeni na nani amefunzwa kuutumia, na mgonjwa wa mgandamizo, yaani aliyepatwa na vile viputo, hupelekwa kwenye chumba gani cha tiba na kwa njia gani. Hili la mwisho lisijibiwe kwa neno "kipo". Jibu linalofaa linataja mahali, usafiri, na ni lini mara ya mwisho kituo kilihakikisha kuwa chumba kinafanya kazi.

Kisha bei, kipengele kwa kipengele. Mbizi mbili za asubuhi kwa kawaida hujumuisha mitungi, vyuma vya uzito, mashua na mwongozaji. Mara nyingi hazijumuishi vifaa vya kukodi, kiingilio cha hifadhi, na nyongeza ya mafuta kwa mahali pa mbali kama Mnemba. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, hutoza kwa siku, na hoteli za Utende ziko ndani yake, kwa hiyo unalipa hata siku usiyozamia. Wakala anayetoa bei ya jumla bila mstari huo hakukupunguzia, ameuacha ulipwe getini. Kama unaleta regyuleta yako, kile kifaa cha kupumulia, uliza vali za mitungi ni za aina gani, ya kuparafuja au ya kubana kwa fremu, na kama kuna adapta.

Uzito nao una hesabu yake. Ndege ndogo huruhusu kilo 15 kwa kawaida, tena kwenye begi laini. Koti la kuelea lina kilo 3 hadi 4, regyuleta na mipira yake karibu 3, mapezi 2, suti nyembamba kama 2. Hapo nguo hazijaingia. Kwa wiki moja chukua miwani yako, kompyuta ya kuzamia na regyuleta, vingine kodi. Mapezi ya kukodi hayamdhuru mtu, lakini miwani isiyokaa sawa usoni inaharibu mbizi zote.

Kuna aina moja ya safari ambayo wakala mzamiaji karibu hana mbadala, nayo ni ya kulala chomboni kwa wiki, hasa Bahari ya Shamu ya Misri, ambako wasomaji wetu wa nchi za Ghuba na Ulaya huenda kwa wingi. Novemba 2024 Sea Story ilizama karibu na Marsa Alam ikiwa na watu zaidi ya 40, na 11 wakafa au hawakuonekana tena. Mwaka 2023 Carlton Queen ilipinduka na Hurricane ikaungua, ikiua Waingereza watatu. Picha za tovuti hazionyeshi kama kuna mlinzi aliye macho usiku kucha, kama vyumba vya chini vina njia mbili za kutokea zisizoishia pamoja, na kama betri za kamera na tochi zinachajiwa mahali panapolindwa. Huko Marekani watu 34 walikufa ndani ya Conception mwaka 2019, na wachunguzi walilitaja kosa hilohilo la kukosa mlinzi wa usiku. Wakala asiyeweza kujibu maswali hayo kwa chombo kwa jina lake, au aliyekipenda kwa sababu ya kamisheni, aachwe. Anayekuja na mpango wa chombo mkononi, na akakwambia kile cha bei nafuu hakiuzi tena, huyo mpe kazi.

Kwa mkazi wa Dar anayekwenda Matemwe siku nne, hakuna wakala anayehitajika: boti, gari, hoteli kwa bei ya mkazi, kituo kwa barua. Kwa familia inayotoka Birmingham kwenda Mafia kupitia Dar, na mbuga ya Nyerere katikati, ndege na malazi mpeni wakala mwenye dhamana. Yeye apewe tarehe baada ya kituo kuzithibitisha, si kabla. Arbuni ya asilimia 30 ni ya kawaida. Iwe kwa kadi ya benki inayoweza kupinga malipo, na masharti ya kufuta yawe yameandikwa kwa siku, pamoja na mbizi zisizofanyika kwa sababu ya bahari. Kituo kizuri hurudisha fedha zake au huziweka kwa siku nyingine. Kwa aliyelipia kupitia wakala, muulize kabla ya kulipa ni nani atakayezishika, kwa sababu zikishafika mikono mitatu kuzirudisha huchukua miezi.

Bima isiachwe ya mwisho. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni wa nje wanaoingia Zanzibar hununua bima ya Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44. Usichukulie kuwa inakufunika ukiwa mita 25 chini. Bima za kawaida za safari nazo huweka ukomo wa kina, au hudai uwe na kadi na mwongozaji, au huacha kabisa gharama za chumba cha mgandamizo na za ndege ya kumbeba mgonjwa, ambayo kwa hali yake lazima iruke chini sana au iwe na mgandamizo wa usawa wa bahari. Tafuta kipengele hicho kwa jina, na namba ya simu ya dharura iandikwe kwenye karatasi ndani ya begi la vifaa, ambako mwenzako wa kuzamia anajua pa kuitafuta.